Uzi: Nina dola 200, nianze na vifaa gani vya kutengeneza anshi za oboi nikiwa Lubumbashi?

Obwa Katuba (mtoa mada)

Jambo kwenu wote.

Kwanza mnisamehe. Huu ni uzi kuhusu uzi, kisu na matete, na najua humu wengi ni watu wa gitaa na kinanda. Lakini huenda yupo mmoja aliyepitia njia hii.

Baba mdogo anayeishi Liège aliniletea oboi, ala ya mbao ya kupuliza, iliyokwisha kutumika. (Huku kwetu tunasema obwa, kama Wafaransa. Nitaandika oboi ili ndugu wa Dar na Mombasa tuwe pamoja.) Chombo ni kizima. Shida ni anshi, yaani lile tete lenye ndimi mbili unalolibana kwa midomo. Zilikuja mbili. Moja niliipasua wiki ya kwanza kwa kuigonga kwenye meno, ya pili nimeipiga kanisani mpaka imechoka, inatoa sauti ya mbuzi.

Anshi moja iliyotengenezwa kwa mkono naiona mtandaoni kwa dola 20 hadi 30, bila usafiri. Ukipiga kila siku haimalizi mwezi. Na nikiagiza, nasubiri mpaka mtu apande ndege. Mara ya mwisho zilifika tatu: moja imepasuka, moja imefunga kabisa haipitishi hewa, moja ilikuwa nzuri kwa siku nne.

Nimeamua kujifunza kuzitengeneza. Nina dola 200 na baba mdogo anarudi Agosti, kwa hiyo mzigo utakuwa ndani ya sanduku lake. Nimeona maduka yanauza seti ya vifaa ndani ya mkoba mzuri wa ngozi, karibu dola 180. Ninunue seti au kimoja kimoja? Na ile mashine ya kuchonga tumbo la tete, ni lazima? Nimeona bei yake nikafunga simu.

Kalindula Boy

Yaya (mkubwa wangu), juu ya nini unasumbuka hivi? Ku mto Kafubu kuko matete mingi sana. Uende ukate, ukaushe, ufunge na uzi. Bure kabisa! 😂

Clarinette Kin

Ndugu Obwa, mimi napiga klarineti, nipo Kinshasa. Kuna anshi za oboi za plastiki, Légère ya Kanada wanazitoa. Moja inakaribia bajeti yako yote, lakini inadumu miezi, haitaki kulowekwa, haijali kiangazi. Nunua hiyo moja, upige muziki, uachane na visu. Muda unaotumia kukwangua ni muda ambao hufanyi mazoezi. Hilo ndilo wapiga oboi hawapendi kuambiwa.

Anshi Mbili

Kaka Obwa, karibu kwenye mateso. Nilijifunza Brussels miaka mitatu, sasa nipo nyumbani, na meza yangu ya jikoni ina vumbi la matete kuliko unga wa bukari. Nitaandika kirefu.

Umeuliza vifaa kabla ya kusema unataka kutengeneza anshi ya aina gani. Ziko familia mbili kubwa. Ya Ulaya inakwanguliwa kwa ufupi, milimita 9 hadi 12 hivi kutoka nchani, na chini ya hapo ganda linabaki. Ya Marekani inakwanguliwa kirefu, karibu kufika kwenye uzi: ncha nyembamba, moyo (sehemu iliyoachwa nene) juu ya katikati, halafu madirisha mawili (sehemu zilizokwanguliwa zaidi) mgongoni, yaani chini, yenye uti katikati yake. Mtindo huo ulienezwa na Mfaransa mmoja, Marcel Tabuteau, aliyekaa Philadelphia kwenye okestra yao tangu 1915 hadi 1954 akafundisha kizazi kizima. Kwa nini nakuambia hili? Kwa sababu video nyingi utakazozikuta ni za Wamarekani, na oboi yako pamoja na matete atakayonunua baba mdogo vitatoka Ulaya. Ukikata tete la umbo la Ulaya kwa kufuata video ya Marekani, utakwangua wiki nzima na hutajua kosa liko wapi. Chagua familia moja. Kwa hali yako ningechagua ya Ulaya, fupi. Sehemu za kuharibu ni chache.

Seti ya mkoba wa ngozi achana nayo. Seti nyingi zina vitu kumi na viwili ili sanduku lionekane limejaa, halafu kisu ndicho kibovu kuliko vyote. Na kisu ndicho utakachokishika kutwa.

Mashine ya kuchonga pia isahau. Nyingi zinapita dola 1,000, na zikikosewa marekebisho kidogo tu zinakuharibia kila kipande. Kazi yake ni kupunguza tete mpaka katikati yake ibaki karibu milimita 0.6, pembeni chini ya hapo. Hata kalibu ya kukatia umbo usinunue sasa. Agiza tete lililokwisha kuchongwa, kukatwa umbo na kukunjwa. Linagharimu zaidi kidogo kwa kipande, lakini linakuondolea mashine mbili na makosa mia moja. Wapo wapigaji wa okestra waliozeeka hawajawahi kumiliki mashine hiyo.

Sasa sehemu ambayo wanaoanza wote wanaanguka. Anshi ya oboi inafungwa juu ya tubu, kamrija kadogo ka chuma kenye koki (gamba laini kama la kizibo cha chupa) chini. Urefu wa kawaida ni milimita 47, wengine wanapenda 46. Ndani ya tubu unaingiza mandreni, ule mshikio wenye ncha ya chuma, ili ushike kazi wakati unafunga. Tubu na mandreni lazima vijuane. Mandreni ikiwa nene, inaipanua tubu kinywa chake kikageuka duara. Ikiwa nyembamba, tubu inacheza na anshi inafungwa upande. Ncha ya mandreni ifike kwenye mdomo wa tubu, isitokeze nje. Kwa hiyo baba mdogo aingie dukani, achague tubu za aina moja, kumi, halafu aseme: nipe mandreni ya tubu hizi. Asinunue mandreni leo na tubu kesho kwa muuzaji mwingine kwa sababu ni nafuu senti hamsini.

Vingine ni vidogo. Kibati cha chuma cha kuingiza katikati ya ndimi wakati wa kukwangua, chukua viwili, kimoja kitapotea. Uzi wa nailoni, wanauandika FF. Nta ya nyuki utaipata sokoni hapa, tena nzuri kuliko yao, nyuki wa miombo hawana mpinzani. Rula ya chuma. Kibao kigumu cha kukatia ncha.

Kuhusu plastiki: Clarinette Kin hajasema uongo. Mimi ninayo moja kwa ajili ya harusi za nje, jua kali, watu wanacheza. Lakini hata hiyo utahitaji kuijua kwa midomo, na siku ikipasuka umerudi ulikoanzia.

Turneri wa Kamalondo

Mdogo wangu Obwa, mandreni unaagiza Ulaya ya nini? Mimi niko kwenye tour, mashine ya kukerezea vyuma, mwaka wa ishirini na mbili, nimetengeneza shafti za pampu za migodini. Hiyo ni koni tu yenye mshikio. Niletee tubu moja, nipime kwa pied à coulisse (kipimo cha unene), kesho unachukua. Hela ya soda.

Anshi Mbili

Papa Turneri, kwa heshima zote: tubu chini ni duara, juu ni yai. Tour inatoa duara tu.

Turneri wa Kamalondo

Tutaona 😀

Mpingo Mtwara

Wakuu, nimepita tu kutoka kusini mwa Tanzania. Mnajua hiyo oboi yenyewe imetengenezwa kwa mti wetu? Mpingo. Wafaransa wanauita grenadille. Unakatwa huku na Msumbiji, unasafiri kama vipande vidogo, unarudi Afrika ukiwa na funguo za fedha na bei ya gari.

Kuhusu kibao cha kukatia: usinunue. Mchongaji yeyote wa vinyago ana vipande vya mpingo anavyotupa. Kata kiduara cha sentimita 3 au 4, uso wake uwe na tumbo kidogo, usiwe bapa, ili ncha ya anshi ikae juu na ubapa wa kisu ushuke sawasawa. Sipigi oboi, ila kaka yangu alikuwa anachonga na Mzungu mmoja alikuwa anakuja kuvinunua hivyo hivyo.

Obwa Katuba

Yaya Anshi Mbili, asante sana. Nimesoma mara tatu. Maswali mawili. La kwanza, kisu gani? Naona kuna cha pembe (mshazari) upande mmoja, kuna kilichochongwa mbonyeo pande zote mbili. La pili ni lile la Kalindula Boy. Najua alikuwa anatania, lakini kusema kweli nimeenda Kafubu Jumapili nikakata mafungu mawili…

Kalindula Boy

Weeee 😂😂 mi nilicheka tu!

Anshi Mbili

Nimecheka peke yangu hapa, lakini ulifanya vizuri kwenda kuangalia. Tete la anshi ni mmea unaoitwa Arundo donax, na linalotegemewa zaidi linatoka Var, kusini mwa Ufaransa. Linavunwa wakati wa baridi, linakaushwa muda mrefu, linaanikwa jua mpaka ganda linageuka dhahabu. Kwa oboi wanachagua bomba lenye kipenyo cha milimita 10 hadi 11 tu, halafu wanalipasua vipande vitatu kwa urefu. Bomba lililopinda linatupwa. Lililobaki linapita mikono mingi kabla ya kufika kwako, ndiyo maana kipande kilichokwisha kuandaliwa ni dola mbili au tatu.

Yaliyojaa kando ya mito yetu kwa kawaida ni Phragmites, ndugu wa mbali. Ukuta wake ni mwembamba na laini. Nimejaribu, usidhani sijajaribu. Inalia dakika tano halafu inakuwa kama karatasi iliyolowa. Mafungu yako yatumie kufanya mazoezi ya kufunga uzi. Hapo yanafaa kabisa, hayauzwi na hayaumizi roho yakipasuka.

Kisu: chenye pembe upande mmoja ni rahisi kunoa na kina uzito, mwanzoni kinasamehe. Chenye mbonyeo pande mbili kinakwangua laini zaidi, lakini ukikosea kukinoa kinakwisha haraka. Anza na cha pembe. Na kama unatumia mkono wa kushoto, useme dukani, kuna cha kushoto, tofauti ni kubwa. Dola 40 hadi 60 utapata kizuri. Halafu mkumbushe baba mdogo: kisu kiende kwenye sanduku la chini ya ndege. Mjomba wangu mmoja aliacha changu kwenye kikapu cha ukaguzi.

Kifaa ambacho hukuuliza ndicho cha pili kwa umuhimu: kinoo. Kisu butu hakikwangui, kinabomoa. Kinang'oa nyuzi za tete, ncha inapasuka, halafu unalaumu matete.

Malakiti

Hapa ndipo mimi naweza kusaidia. Kazi yangu ni malakiti, lile jiwe la kijani, na shaba, nakata na kung'arisha mawe, nauzia wageni mjini. Oboi siijui, makali nayajua.

Kama huna pesa ya kinoo kizuri, nunua karatasi ya msasa ya maji, namba 1000 na 2000, kwenye duka lolote la rangi za magari. Kipande cha kioo kinene, usibandike kwenye ubao, ubao unapinda. Lowesha, laza karatasi juu ya kioo, itashika yenyewe. Laza kisu kwa pembe yake iliyotoka nayo kiwandani, usiitengeneze upya. Sukuma, rudisha, usitikise mkono kama unafua. Kosa la kila mtu ni kuinua mgongo wa kisu mwishoni mwa kila mwendo, hapo makali yanakuwa duara. Paka wino wa kalamu kwenye ukingo, noa mara tatu, angalia wino umetoka wapi. Ukitoka sawa kote, pembe yako ni sahihi.

Anshi Mbili

Papa Malakiti, hiyo ya wino naichukua! Niongeze moja: kisu cha anshi hakikati, kinakwangua. Kwa hiyo mwisho wa kunoa tunaacha ukingo umejikunja kidogo sana kuelekea upande unaokwangua, kama kucha. Unapitisha upande mmoja mara chache kwa wepesi ili mkunjo ule usimame. Ukikwangua bila kukandamiza, unga unatoka laini kama poda. Ukiona vipande vipande, rudi kwenye kioo.

Mwambao

Salaam kutoka Lamu. Nimefurahi kuona ndimi mbili zinajadiliwa kwa Kiswahili. Zumari yetu ni binamu wa hiyo oboi, nayo ina tete lake, na mpiga zumari anajikatia mwenyewe, hamwachii mtu. Babu yetu alikuwa akiyaweka matete yake ndani ya kikombe kando ya kitanda. Ukiyagusa unafukuzwa. Sina la vifaa, ila mtoa mada asichoke.

Clarinette Kin

Nimerudi. Yaya Anshi Mbili umenijibu kwa adabu na sasa naona aibu kidogo. Ila nina hoja ya kati: kwa nini asianze na anshi zilizokwisha kufungwa ambazo hazijakwanguliwa? Nimeziona madukani. Mtu anajifunza kisu kwanza, kufunga baadaye. Huku Kinshasa Okestra ya Kimbanguiste, ile aliyoianzisha Armand Diangienda mwaka 1994, watu walijifunza mengi kwa kurekebisha kilichopo kabla ya kutengeneza kipya. Ilikuwa lazima, vyombo vilikuwa vichache kuliko watu.

Anshi Mbili

Kaka wa Kin, hapo umepiga msumari. Ningesema hivyo tangu mwanzo. Obwa, ndani ya bajeti yako weka tano za namna hiyo. Na ile iliyolia mbuzi usiitupe, ndiyo shule yako ya kwanza. Ingiza kibati, kwangua ncha kidogo kama unampapasa mtoto, sikiliza. Ikifa, ilikuwa imekwisha kufa.

Obwa Katuba

Nimerudi baada ya miezi mitatu. Naweka hesabu kwa atakayekuja nyuma yangu.

Baba mdogo alileta: kisu cha pembe dola 48. Tubu kumi za chapa ya Chiarugi na mandreni yake, jumla dola 56. Matete ishirini yaliyokwisha kukatwa umbo na kukunjwa, dola 50. Zilizofungwa tayari bila kukwanguliwa, aliona bei akachukua tatu badala ya tano, dola 27. Uzi na vibati viwili, dola 13. Jumla 194. Nta, rula, msasa na kioo nilinunua hapa kwa franka. Kibao amenichongea seremala wa jirani kwa mulombwa, mpingo sikuupata.

Sasa niungame. Kabla baba mdogo hajafika nilimpelekea Papa Turneri tubu yangu ya zamani, na nyingine niliyoitoa kwenye anshi iliyopasuka. Alinitengenezea mandreni inayong'aa kama kijiko cha harusi. Niliisukuma ndani kwa furaha. Tubu zote mbili zikafungua midomo ikawa duara kama shimo la filimbi. Nilifunga tete juu ya moja, pembeni zikaacha nafasi ya kupitisha ukucha. Hewa yote ilitokea hapo.

Turneri wa Kamalondo

Nakubali mbele ya wote. Yaya alisema yai, mimi nikasikia duara. Lakini mueleze na sehemu ya pili, usiniache uchi.

Obwa Katuba

Kweli. Mandreni ya dukani ilipofika, Papa aliikalia kwa muda wa saa nne na tupa ndogo, akanakili ile koni kwa mkono, akipima kila baada ya mipapaso michache. Sasa ninazo mbili. Ya kwake tubu inakaa bila kucheza, ncha inaishia mdomoni hasa. Natumia ya kwake kufungia na ya dukani kukwangulia, ili nisifungue na kufunga.

Zile tatu zilizofungwa tayari: mbili nimeua. Ya kwanza nilikwangua katikati ya ncha sana, ikatoboka. Ya pili nilisahau kuingiza kibati. Naona aibu hata kuandika. Ya tatu ilipiga, chini ilikuwa ngumu, juu ilipanda sana, lakini ilipiga wimbo mzima Jumapili.

Za kufunga mwenyewe nimefanya tisa. Nilianza na matete ya Kafubu mafungu yale mawili, kama yaya alivyosema, na kama si hayo ningemaliza matete ya dola 50 kwa wiki moja. Kosa langu lilikuwa uzi kupita mdomo wa tubu. Ukipita hata raundi moja, ndimi zinabanwa, anshi haitetemeki. Sasa naweka tubu pembeni ya tete, natia alama ya penseli, naanza raundi chache chini ya mdomo, napanda mpaka mdomoni kabisa, navuka, nashuka mpaka kwenye koki. Pembeni za tete zinafaa zifunge raundi moja au mbili kabla ya kufika juu. Halafu naziba shimo la chini kwa kidole na kupuliza. Ikivuja pembeni kidogo, nazungushia utepe mwembamba wa mafundi bomba, ule mweupe. Ikivuja sana, kisu na kukata uzi, tubu inaokolewa.

Ya saba ilinikamata. Niliitia mdomoni peke yake, bila oboi, nikapuliza, ikalia ule mlio wa kunguru ambao kila mtu anausema, sauti mbili pamoja, ya chini na ya juu. Mama alitoka jikoni akaniuliza nimeingiza ndege gani nyumbani.

Swali langu sasa: kiangazi. Asubuhi anshi inafungua vizuri, mchana imefunga kama mdomo wa mtu aliyenuna. Na ile moja aliyonipa rafiki wa Mombasa, kule ilikuwa inapiga, hapa ni kama kupuliza tofali.

Anshi Mbili

Hongera kwa ya saba! Tisa na moja inalia ni hesabu nzuri kuliko yangu.

Kiangazi chetu, Mei hadi Septemba, ndicho kinachotofautisha Lubumbashi na vitabu. Matete yanakauka mpaka ndani. Loweka tete jipya nusu saa hivi kabla ya kufunga, maji ya uvuguvugu. Anshi iliyokwisha, dakika mbili au tatu kwenye glasi ndogo, usiiache ikaogelea. Usimalize anshi siku moja: ifunge leo, ikwangue kidogo, ilale, kesho kidogo, keshokutwa ncha. Ukimaliza yote mchana wa Julai, usiku itakuwa anshi nyingine. Sanduku la kuhifadhia liwe na matundu, la sivyo kuvu. Na oboi yenyewe, ganda la chungwa ndani ya sanduku lake, dawa ya wazee ya kuzuia mpingo usipasuke. Ligeuze kila siku, likikauka litoe.

Ya Mombasa usiishangae. Kule ni usawa wa bahari na unyevu, hapa tuko mita 1,200 na hewa kavu. Ya pwani hapa inakuwa nzito kwa wapigaji wengi ninaowajua. Ikwangue kidogo sana kwenye mabega ya ncha, pale ncha inapoanza, pande zote mbili sawa, mipapaso mitatu kisha jaribu. Mitatu. Si kumi.

Sasa usinunue chochote mpaka matete yako yaishe. Najua unaangalia kalibu za umbo usiku.

Obwa Katuba

Yaya umejuaje…

Kalindula Boy

Minauliza: hiyo ya saba munauza ngapi? Ku paroisse yetu kuko mutoto moja anapiga hiyo kitu, anasumbuka sana.

Obwa Katuba

Ya saba siuzi hata kwa dola 100. Mwambie aje Katuba Jumamosi mchana, alete tubu zake za zamani asitupe hata moja. Ya nane ina kasoro kidogo juu, nitampa bure. Na kama kuna mtu anavuka mpaka wa Kasumbalesa wiki hii kutoka Ndola, naomba aniangalizie uzi wa nailoni mwembamba kwa mafundi viatu. Wangu umebaki mita chache na matete bado kumi na moja.